Mdudu Asiyeweza Kuhama Mlima Wake

Karibu na ncha ya kusini ya Afrika, mji wa Cape Town umelala kati ya bahari na mlima ambao kilele chake kimelingana kama ubao. Kwa hiyo watu huuita Mlima wa Meza. Kimo chake ni kama meta 1,085. Tangu mwaka 1929 wageni hupandishwa kwa dakika chache katika gari linaloning'inia kwenye kamba za chuma. Lakini mwenye miguu mizuri hupanda kwa bonde jembamba la Platteklip, akipumzika mara kwa mara, maana njia ni kali kama ngazi.

Afikapo juu, msafiri hudhani ameingia nchi nyingine. Chini ameacha jua kali. Huku upepo wa bahari huleta wingu jeupe, likautandikia mlima kama kitambaa cha meza, na mawe yote yakalowa. Miti mikubwa hakuna. Kuna vichaka vifupi vyenye majani membamba na magumu, pamoja na mimea iliyo kama matete madogo. Uoto huo wenyeji huuita fynbos.

Basi, chini ya mawe hayo hukaa mdudu mweusi, mfupi kuliko kidole, ambaye wataalamu humwita Colophon westwoodi. Gray, mtaalamu wa Uingereza, alimtangaza katika vitabu vya elimu mwaka 1832. Ni mbawakawa, yaani mdudu mwenye ganda gumu mgongoni, na taya za dume zimejitokeza mbele kama pembe.

Ndugu zake wengi ulimwenguni huruka jioni. Yeye hawezi. Mabawa yake magumu yameshikana yakawa ganda moja, na mabawa laini ya kurukia hayako tena. Hutembea polepole, hasa ukungu unapotanda katika miezi ya joto. Watoto wake, walio mabuu, hukua gizani ndani ya udongo.

Ajabu ni hii: milima mingine ya jimbo hilo ina Colophon wake, na si yuleyule. Jamii zinazojulikana ni zaidi ya 15, na nyingi zina mlima mmoja tu au safu moja tu ya milima. Wataalamu hueleza hivi: zamani za kale, nchi ilipokuwa na baridi, wazee wa wadudu hao waliweza kuishi hata mahali pa chini. Joto lilipoongezeka, walikimbilia vileleni penye baridi na unyevu. Mabonde makavu yakawa kama bahari kati yao, na kila kilele kikawa kisiwa. Waliotengana kwa muda mrefu hivyo hawakufanana tena.

Sasa tazameni hatari yao. Ndege akifukuzwa hapa, huruka kwenda pale. Mdudu huyu akiharibiwa kwake, hana kwa kwenda. Joto la dunia likizidi na ukungu ukipungua, atapanda mpaka wapi, naye yuko kileleni tayari? Tena wako watu wanaonunua wadudu hawa kwa fedha nyingi ili kuwaweka katika masanduku ya kioo. Kwa hiyo Afrika ya Kusini imewalinda kwa sheria, na jamii yote ya Colophon imeandikwa katika mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini. Lakini askari hawezi kusimama juu ya kila jiwe.

Ninyi vijana wa shule, mnapopanda mlima wowote na kuinua jiwe ili kuona kilicho chini yake, tazameni vema, kisha lirudisheni polepole kama lilivyokuwa. Kwenu ni jiwe tu. Kwa mwingine ndiyo paa la nyumba, na nyumba ya pili hana.