Nguo Hugawanywa, Barua Huchomwa

Euro 210,600 kwa barua moja. Siyo picha, barua! Jumba la makumbusho la Van Gogh hapa Amsterdam liliinunua mnadani Paris mwaka 2020: kurasa nne ambazo Vincent van Gogh na mwenzake Paul Gauguin walimwandikia mchoraji Émile Bernard kutoka Arles, Novemba 1888. Na humo, kati ya mambo mazito ya sanaa, wanamsimulia safari zao za madanguro. Watu wazima!

Barua za Vincent zilizosalia zinapita 800, nyingi kwa mdogo wake Theo, na ziko mtandaoni bure. Nazisoma kwenye treni, nacheka peke yangu. Jamaa ni wa kwetu kabisa: anaanza kwa kushukuru noti ya faranga 50, anamalizia rangi zimekwisha. Imekosekana tu "hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu".

Lakini kuna ile ya Oktoba 1888, aliyomchorea Theo chumba chake cha kulala. Anataja rangi moja moja. Kuta, anasema, ni zambarau iliyopauka. Nenda kaitazame picha yenyewe leo: kuta ni za buluu. Wekundu uliokuwamo umefifia kwa miaka. Bila barua nani angejua?

Na aliyezitunza si mjomba wala profesa, ni shemeji. Vincent alikufa Julai 1890, Theo Januari 1891, akamwachia mkewe Jo mtoto ambaye hata mwaka hajatimiza. Jo akafungua nyumba ya kupangisha wageni mjini Bussum, na barua akawa anazipanga, nyingi hazina hata tarehe. Zilitoka kitabuni mwaka 1914. Mjane wa ndoa isiyofika miaka miwili! Kwetu mawifi wangekuwa wameshapekua kabati kabla matanga hayajaanuliwa.

Wala sizushi. Baba mdogo alikuwa mchoraji wa mabango Tanga, na barua zake kwa marehemu baba zilijaa michoro pembeni: mashua, kinyozi, mama ntilie anayemdai. Juzi nauliza ziko wapi, shangazi ananijibu kwa ujumbe wa sauti: nguo tuligawana, makaratasi tulichomea takataka. Kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Nilitaka kumtumia habari za Jo, nikasita. Maana Vincent mwenyewe barua za Theo hakuzitunza. Zilizobaki ni chache mno. Namjua shangazi: hilo tu ndilo atakaloshika.