Mtoto Wetu Asiyesikia

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, mbingu ya Goma iligeuka nyekundu kwa moto wa Nyiragongo. Watu walipiga kelele, wakakimbilia Sake na Gisenyi. Mtoto wetu, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa amelala. Tulipomwinua kwa nguvu alitupiga na kutuuma, maana hatukuwa na ishara hata moja ya kumwambia kwamba moto unakuja. Alikuwa na miaka sita.

Tulikuwa tumemficha. Majirani walisema ni laana, nasi, ingawa twasali kila Dominika, tuliamini nusu. Shule moja ilimkataa. Hatukubisha hodi kwingine.

Mwaka ule ule tukampeleka kwa mwalimu wa viziwi. Akatuuliza mbona tumechelewa, kwa kuwa lugha ya mikono, kama ile ya kinywa, hushika upesi utotoni. Kisha akatuketisha sisi wazazi kwenye madawati madogo (magoti yaligonga meza!) tujifunze ishara za maji, njaa, homa, njoo.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 yatambua haki za watu wenye ulemavu. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini si zile za wadogo wa miaka mitatu, umri ambao sisi tuliupoteza.

Januari 2025, mizinga ilipolia Goma, mtoto hakuisikia. Alitazama mikono yetu. Tukamwashiria alale chini, akalala.