Kitabu Kinaandikwa Nyumba Ikiwa na Kelele



Tangu kitabu changu kianze kupita mikononi mwa watu hapa Bukavu, wengi wananiuliza swali moja: « Mama Mwalimu, nani alikutolea hicho kitabu? » Nikijibu kwamba nilikitoa mimi mwenyewe, wananitazama kama bibi arusi aliyejipikia chakula cha arusi yake. Juma hili nataka kueleza namna kazi hii inavyokwenda, maana najua katika vikundi vyetu kuna wamama wenye hadithi nzuri wanaosubiri mtu mkubwa aje kuwapa ruhusa.

Mimi ni mwalimu wa masomo ya msingi na mama wa watoto wanne. Naandika riwaya, yaani hadithi ndefu ya kutunga. Kuitoa mwenyewe maana yake ni kwamba hakuna nyumba ya vitabu inayolipa gharama. Unaandika, unasahihisha, unatafuta wa kupiga chapa, unalipia karatasi, unabeba vitabu katika kikapu na kuviuza. Faida ikija ni yako. Hasara ikija, inaingia katika sufuria ya nyumba yako.

Naamka saa kumi na nusu ya alfajiri, kabla ya kuwasha makala. Nina taa ndogo ya sola, kaye yenye mistari, na biki mbili, kwa sababu moja hukauka siku ile una maneno mengi. Naandika ukurasa mmoja, siku tano kwa juma. Mtoto akilia, naacha katikati ya sentensi na kwenda. Nimeona kwamba sentensi iliyoachwa katikati ni rahisi kuiendeleza kesho yake, kuliko kuanza ukurasa mweupe. Usiku siandiki, kichwa kimejaa kelele za wanafunzi na miguu imechoka na mlima wa Kadutu. Jumamosi ni ya kufua. Mchana kazi yangu ni kusikiliza. Sokoni, namna mama muuza sambaza anavyomjibu mteja mgumu inaweza kunipa maneno ya ukurasa mzima.

Jioni, ninapochagua maharagwe, binti yangu mkubwa ananisomea kurasa za juma kwa sauti. Pale anapokwama, naweka alama. Pale wadogo zake wanapoacha mchezo na kusogea karibu, najua pamefaa. Huyo ndiye msahihishaji wangu wa kwanza, na malipo yake ni kupumzishwa vyombo siku hiyo.

Mwandishi ninayemfikiria sana alfajiri ni Buchi Emecheta. Alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1944. Mwaka 1962 alihamia London kumfuata mume wake, na alipofika miaka 22 alikuwa na watoto watano. Aliandika hadithi yake ya kwanza, na mume wake akaichoma moto. Aliondoka na watoto wake, akawalea peke yake, akasoma sosiolojia katika chuo kikuu, na kuandika mapema asubuhi kabla watoto hawajaamka. Kitabu chake cha kwanza, In the Ditch, kilitoka mwaka 1972. Ile hadithi iliyochomwa aliiandika upya, na ikatoka mwaka 1976 kwa jina The Bride Price. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa amekwisha kujulikana, alianzisha na mtoto wake wa kiume nyumba yao ya vitabu, Ogwugwu Afor, na Double Yoke ni mojawapo ya riwaya alizozitoa humo. Kitabu chake Second-Class Citizen alikitolea watoto wake watano, akizishukuru kelele zao. Alifariki mwaka 2017. Nikisikia wangu wanagombana juu ya sabuni, namkumbuka na kuendelea.

Sasa tuje kwenye feza, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Likelemba yetu ina wamama 15, kila mmoja anatoa dola 10 kwa mwezi. Zamu yangu ilipofika, nilikuwa na dola 150 mkononi na hadithi iliyokwisha kupigwa chapa. Mwezi huohuo feza ya Exetat ya binti yangu ilikuwa inadaiwa, pamoja na deni la masomo. Wifi yangu alisema mbele ya watu: « Mama wa nyumba haachi mtoto bila mtihani kwa sababu ya karatasi. » Baba watoto aliniuliza kwa upole: « Mama, hicho kitabu kinaliwa? » Nikamwambia: « Hakiliwi, Baba. Lakini hii ni miaka miwili ya asubuhi zangu, na zamu nyingine ya likelemba itarudi baada ya miezi 15. »

Hatukugombana. Tulichukua kaye ya hesabu, tukaandika yote. Exetat na deni la masomo vilidai dola 60, na hizo tukazitenga kwanza. Zikabaki 90. Kitabu kina kurasa 120 ndogo; karatasi kubwa 30 zinazochapwa pande mbili na kukunjwa katikati zinatosha. Pamoja na jalada la kartoni na kushonwa, kila kimoja kilisimama kwa dola 3. Basi nilitoa vitabu 30. Wifi yangu alihesabu naye, akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kuchukua kimoja kwa deni.

Niliuza kwa dola 5. Katika miezi minane, 22 vililipwa, 3 vilichukuliwa kwa deni, 2 nilivitoa zawadi, na 3 vimebaki. Dola 110 ziliingia; nikiondoa 90, zinabaki 20. Na hapo sijahesabu feza niliyomlipa kidogokidogo kijana wa fotokopi aliyepiga chapa kwenye ordinateri. Kwa hiyo, mama anayetaka kuandika ili alishe watoto, namshauri kwa moyo mmoja: usiuache unga wako sokoni. Mimi sijaacha kufundisha.

Kuna mambo mawili ya sheria ambayo wamama wengi wananiuliza. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ruhusa hiyo; sasa mume na mke wanatakiwa kupatana. Ile kaye yetu ya hesabu ilikuwa ndiyo kupatana kwenyewe. Pili, hapa kwetu Congo haki za mtunzi zinalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986. Andika jina lako na mwaka kwenye ukurasa wa kwanza, na uweke kaye zako za mkono mahali pakavu.

Jambo lililonitia hofu zaidi lilikuwa ndimi za watu. Riwaya yangu ni juu ya mjane anayefukuzwa nyumbani na ndugu za mume siku ya arobaini. Wengine walisema nimewaanika majirani. Kanuni yangu ni hii: siri niliyopewa jikoni haiingii kitabuni. Nachukua jambo ambalo limewapata wengi, nalipa jina, kijiji na tabia ambazo si za mtu yeyote ninayemjua.

Hata hivyo, mwezi wa nne alikuja mama mmoja kutoka upande wa Bagira, ambaye sikuwahi kumwona. Aliazima kitabu kwa mwenzake wa kikundi. Aliketi, akakifungua pale mashemeji wanapotoa kitanda nje, akasema: « Huyu ni mimi. » Nilimweleza kwamba nilitunga. Akasema anajua. Kisha akaniuliza kwa nini mwishoni mjane wangu anarudi nyumbani kwake, maana yeye hakurudi. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia niliandika vile nilivyotamani iwe. Alifikiri kidogo, akafungua kitambaa chake, akatoa dola 5. Kitabu hicho hakukinunua kwa ajili yake. Alitaka kumpelekea shemeji yake mkubwa, yule anayeshika ufunguo.

Sijui kama shemeji amekisoma. Ninachojua ni kwamba yule mama sasa anakuja katika kikundi chetu kila Alhamisi, na wamama wawili wanaojua njia za ofisi wanamsindikiza kwa habari ya nyumba ile.

Kwa vikundi vyetu, nina ombi. Kama kuna mama anayeandika kwenu, msingoje kitabu kitoke ndipo mumpigie makofi. Watu 20 wakilipa mbele dola 3 kila mmoja, vitabu 20 vimekwisha kulipiwa na zamu yake ya likelemba haiguswi. Kwa wasiojua kusoma, mmoja asome kwa sauti wakati wengine wanasuka au wanatwanga sombe. Kitabu kimoja kinaweza kusikika na watu 10. Na wewe mama uliye na hadithi, nunua kaye moja. Kesho alfajiri andika ukurasa mmoja tu, kisha washa makala.