Swali nililomuuliza mdogo wangu

Jamani, leo nina jambo linanikaa rohoni, nisiwazungushe.

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, miaka 15, alinipigia saa sita usiku. Analia, hata salamu haikutoka. Kuna mtu alijuana naye mtandaoni, akajifanya kijana wa rika lake, akambembeleza mpaka akatumiwa picha ya faragha. Sasa anadai laki mbili, la sivyo anaisambaza kwenye magrupu ya shule.

Mimi mwandishi wa habari, niliyeandika mara ngapi sijui kuhusu usalama wa watoto mtandaoni, mnajua nilimwambia nini? "Sasa ulimtumia ya nini?"

Kimya. Akakata simu. Napiga, haipokelewi. Nikamwamsha mama mdogo, akamkuta kajifungia bafuni. Ilichukua dakika 40 kufungua mlango. Sitazisahau.

Baadaye akaniambia: "Kaka, yule mtu alisema nyumbani wakijua watanilaumu mimi. Ulivyouliza vile nikaona kumbe kasema kweli."

Nilijisikia vibaya, wadau. Mtaji wa hawa matapeli ni aibu, na mimi nilikuwa nimewaongezea mtaji.

Hatukulipa. Ukilipa mara moja, atarudi kesho, kishajua unazo. Tulihifadhi ujumbe wote wa vitisho na namba yake, ndipo tukamfungia. Tukaenda polisi, dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Kwa picha ya aliye chini ya miaka 18, ipo pia huduma ya bure ya Take It Down, ya kituo cha NCMEC cha Marekani. Picha inabaki kwenye simu yako, kinachotumwa ni alama yake ya tarakimu tu, mfano wa alama ya kidole. Mitandao kama Instagram na TikTok inaitumia kuizuia isisambae huko. Na namba 116, ya huduma kwa mtoto, ni bure kwa anayehitaji mtu wa kuzungumza naye.

Lakini hayo yote yanaanza pale mtoto anapothubutu kusema. Mdogo wako akikupigia usiku, maswali yatasubiri. Mwambie, "Usiogope, nakuja." Mimi nilichelewa kuyasema.