Hatari ya Ngazi ya Tatu

Yaya wangu anaishi Salt Lake City, katika jimbo la Utah, Marekani. Wasomaji wa pwani wasicheke: kwetu Bukavu yaya si mlezi wa watoto, ni ndugu mkubwa, na mdogo wake ni leki. Alifika huko akitokea kambi ya Nakivale, Uganda, na sasa anafanya kazi katika ghala pamoja na Wakongomani na Warundi wengine. Mimi nilibaki nikisoma Kiswahili, somo ambalo kila likizo nyumbani huniuliza litanipa kazi gani.

Mwezi wa Aprili 2023 alinitumia kwa WhatsApp picha ya taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza. "Leki, nitafsirie upesi, tunatoka saa tatu." Kwao ilikuwa asubuhi; kwangu ilikuwa alasiri, nimeketi kwenye ngazi za maktaba. Dhoruba ya theluji ilikuwa imewapiga siku kadhaa, ingawa majira ya kuchipua yalikwisha kuanza. Msimu ule Alta, kijiji cha milimani karibu na mji wao, kilipata inchi 903 za theluji, karibu mita 23, na hiyo ni rekodi yake. Sasa jua lilikuwa limetoka. Vijana wa ghalani walitaka kuvaa viatu vipana vya kuazima, wapande mbali na viwanja vya kuteleza, wapige picha.

Taarifa ilihusu maporomoko ya theluji. Hatari yake hupimwa kwa ngazi tano, na siku ile ilikuwa ya tatu. Neno la Kiingereza la ngazi hiyo sikulijua vizuri, lakini kuhesabu nilijua: tatu iko katikati ya tano. Nikaandika, "Hatari ya wastani."

Akajibu papo hapo: "Wastani? Basi si mbaya. Tunaenda."

Nilikuwa na zoezi la mofolojia la kukabidhi, na nusura niiweke simu mfukoni. Sijui kwa nini niliendelea kusoma maelezo ya chini. Katika ngazi ya tatu, poromoko linaweza kuanza lenyewe. Lakini mtu akipita juu, uwezekano wa kulianzisha ni mkubwa. Nikafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Ile mpya, nzito, yaweza kulalia chembe za zamani zisizoshikana, mfano wa sukari, na upepo huirundika upande wa pili wa kilele ikawa bamba. Mtu akilikanyaga kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, chini hubonyea, bamba hupasuka na kuteremka lote pamoja naye. Katika ajali nyingi za vifo, aliyelianzisha ni mhanga mwenyewe au mwenzake. Likisimama hugandamana kama saruji. Aliyefukiwa ana dakika 10 au 15 za matumaini, ikiwa wenzake wana kifaa cha redio cha kumtafutia, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Yaya na wenzake walikuwa na soda na mikate. Hata lile jua zuri lilikuwa sehemu ya hatari, maana huilowesha theluji mpya na kuilegeza.

Halafu nikasoma kwamba vifo vingi hutokea katika ngazi hiyo hiyo ya tatu, kwa sababu watu huiona ni ya katikati.

Nikapiga simu. Haikushika. Nikaandika kwa herufi kubwa: SI WASTANI, MSIPANDE. Ujumbe ukabaki na tiki moja. Zaidi ya nusu saa nilikaa pale nikiitazama ile tiki, na zoezi la mofolojia sikulikabidhi.

Aliponipigia walikuwa wamekwisha kuegesha gari. Alikasirika kidogo, kwa kuwa wenzake walikuwa wakimngoja. Nilimsomea maelezo yote, polepole. Wakabaki kwenye tambarare, mbali hata na chini ya miteremko, maana poromoko huwafikia wasiopanda pia. Mteremko walioutaka haukuanguka siku ile. Hadi leo hunitania kwamba niliwanyima picha.

Wiki chache baadaye, tarehe 4 Mei, mvua kubwa ilileta maji, tope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, huku kwetu Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Yaya alipiga simu usiku, akauliza jamaa mmoja mmoja kwa jina. Mwishoni akauliza, "Huko hakukuwa na taarifa ya namba?" Nikamwambia mimi sikuisikia.

Baadaye tulizitafsiri upya ngazi zote tano. Ya kwanza ni ndogo. Ya pili ndiyo ya wastani. Neno nililolitumia lina ngazi yake halali, na si ile. Ya nne kubwa, ya tano ya kupindukia. Ya tatu ilitushinda. "Kubwa kiasi" inapoza. "Ya kutosha" inachekesha. Mwalimu wangu alipendekeza "nzito". Yaya hakungoja tuafikiane. Aliandika lake kwa kalamu nyekundu, akabandika karatasi kwenye friji ya chumba cha mapumziko pale ghalani. Mbele ya namba 3 ameandika: "Inangoja mguu wako."