Kutoka Mbotela Hadi Mdomo wa Mto Tana

Katika mtaa wetu wa Mbotela, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, maji yakikatika kwa siku tatu watu huanza kusemana. Asubuhi moja tulikuwa tumepanga madebe bombani tangu alfajiri, na maneno yamekwisha kuwa makali, ndipo jirani yangu mmoja, Mpokomo wa sehemu za Garsen, alipotuambia, "Ndugu zangu, maji haya mnayoyagombania ni yetu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakusema uongo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994 juu ya mto Thika. Na mto Thika humimina maji yake katika mto Tana. Basi likizo yangu ilipofika nilimwomba anipeleke kwao, nikaone mahali ambapo maji yale yangalifika kama tusingaliyanywa sisi.

Tulipanda basi Eastleigh, tukapita Thika na Mwingi. Tulipofika Madogo tuliuona mji wa Garissa ng'ambo ya daraja, lakini hatukuvuka. Tulishika njia ya kusini, mto ukiwa upande wetu wa kushoto, tukapita Bura hata tukafika Hola.

Jina la Hola wasomaji wengi walijua kwa ajili ya mahabusu 11 waliopigwa hata kufa katika kambi ya kizuizi mwezi wa Machi 1959. Lakini kwa watu wa delta, yaani nchi ile ya chini ambako mto hugawanyika matawi kabla ya kuingia baharini, Hola ni jina la ofisi. Hapo ndipo palipo makao ya Kaunti ya Tana River. Mtu wa Kipini mwenye shauri lisilokatwa Garsen hana budi kupanda tena mwendo wa karibu kilomita 100. Mimi ni karani, na nakiri kwamba nimekwisha kuwaambia watu wengi "Rudi kesho" bila kufikiri. Tangu niwaone wakulima wa Ozi wakitoka kwao kwa mtumbwi, neno hilo lanikwama kooni.

Si ajabu serikali kuwa mbali nao, kwa maana tangu zamani nchi hii ilikuwa mpakani mwa tawala za wengine. Waingereza na Wajerumani walipopatana mwaka 1886 juu ya nchi za Sultani wa Unguja, ukanda wake wa pwani wa maili kumi ulikomea Kipini. Kaskazini yake alikaa Sultani mwingine, Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, ambaye mwaka 1885 alikuwa amejiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani. Mwaka 1890 Wajerumani walimwachia Mwingereza Witu katika mapatano yale yale yaliyowapatia kisiwa cha Heligoland huko Ulaya. Mpokomo aliyekuwa akipanda mpunga wake kando ya mto hakuulizwa neno.

Yeye alikuwa na wazee wake, ambao baraza lao huitwa Gasa. Waorma, wafugaji wa ng'ombe, wana lao liitwalo Matadheda. Kazi moja kubwa ya mabaraza haya mawili ilikuwa kuangalia malka, yaani njia ambazo mifugo hupita kati ya mashamba ili kufikia maji. Nyika ikikauka ng'ombe huteremka deltani, na Mpokomo hulima ukingoni kwa sababu mpunga na ndizi hutaka udongo ule ule wenye unyevu. Malka ikifungwa na shamba, ng'ombe hufa. Isipolindwa, shamba huliwa.

Juu ya mapatano hayo serikali zilipita moja baada ya nyingine. Kulikuwa na Bwana DC wa Kipini, kabla ya makao ya wilaya kuhamishiwa Hola. Kisha halmashauri za namna mbalimbali. Na tangu mwaka 2013 kuna Gavana na baraza la kaunti, ambalo kata sita za delta hupeleka humo wajumbe wao.

Mzee mmoja wa Gasa alinipokea kwa heshima, akanikalisha chini ya mwembe. Nilimwuliza, "Mzee, ilikuwaje mwaka 2012?" Alinyamaza kitambo. Mwaka ule, tarehe 22 Agosti, kijiji cha Riketa kilishambuliwa, na mpaka mapigano yalipotulia mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100, wakulima na wafugaji na askari, walikuwa wamekufa. Mwishowe alisema, "Mwanangu, zamani malka ilikuwa neno la wazee. Sasa kila mtu ana karatasi yake, na karatasi haijui kiangazi." Sikuweza kumjibu, kwa kuwa karatasi ndiyo kazi yangu.

Hata hivyo, si kila karatasi iliyowadhuru. Mwezi wa Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi waliyoileta wenyeji, iliamuru kwamba mipango ya ardhi na maji ya delta ifanywe kwa kuwashirikisha wao wenyewe.

Tulipitia Witu tukafika Kipini jioni. Zamani Tana haikutokea hapa; mdomo wake ulikuwa upande wa kusini. Katika karne ya 19 ulichimbwa kwa mikono mfereji wa Belazoni, katika siku za masultani wa Witu, ili mitumbwi ya mpunga ipate kuvuka kutoka Tana mpaka mto mdogo wa Ozi na kufika Kipini. Mto ukaipenda njia ile mpya, ukaipanua mwaka hata mwaka, na mwishowe ukahamia humo.

Siku hizi mto wasukumwa kwa namna nyingine. Mabwawa ya umeme yalijengwa juu, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, na mafuriko madogo yaliyoleta rutuba yamepungua, ingawa yale makubwa, kama ya mwaka 2018 na 2024, bado hubomoa nyumba. Maji matamu yakipungua bahari hupanda. Katika mashamba ya Ozi nilionyeshwa miembe iliyokauka kwa chumvi, imesimama safu kwa safu. Mwenye shamba aliniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia, Nairobi. Akauliza kama huko maji yapo.

Nikamwambia, siku nyingine yapo.