Uvira: Gari la petroli na gari la umeme mbele ya maji, mashofere wajue nini?

Msimu wa mvua ukirudi, ubishi unarudi pia kwenye parkingi za magari hapa Uvira. Siku hizi kuna jambo jipya ndani yake. Vijana wanaonyeshana kwenye simu video za ng'ambo: barabara imejaa maji, magari ya petroli yamezimika katikati, kisha gari la umeme linapita kimya kama mtumbwi. Mmoja anasema gari la umeme ndilo litakalookoa watu. Mwingine anajibu kwamba umeme na maji havikai nyumba moja, na aliye ndani atakufa kwa kupigwa na umeme.

Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na wote wawili wanasahau kitu.

Magari ya umeme bado ni haba sana katika Kivu ya Kusini. Lakini yako njiani. Kule Kigali pikipiki za umeme zinabeba abiria kila siku, na magari yanayochanganya petroli na umeme yanaonekana huko kwa wingi. Zaidi ya hayo, kobalti inayotiwa katika betri nyingi za magari hayo inatoka katika udongo wa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Nchi hii peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Basi si jambo la wageni tu.

Tuanze na gari la petroli, ambalo kila mtu analijua. Moteri yake inapumua kama mtu. Inavuta hewa, inaichanganya na petroli, inaikandamiza, kisha buji inapiga cheche. Hewa inakubali kukandamizwa. Maji hayakubali. Bomba la kuvuta hewa likimeza maji, pistoni inapanda na kugonga maji kana kwamba imegonga jiwe. Hapo biela inapinda au inakatika, na pengine blok ya moteri inatoboka. Kazi ya sekunde moja, na mwenye gari amepoteza moteri nzima.

Watu wengi wanafikiri maji lazima yafike juu ya boneti ndipo moteri ife. Si hivyo. Katika magari mengi madogo mdomo wa kuvuta hewa uko mbele, karibu na taa, na mengine uko chini zaidi. Shofere akienda mbio, gari linasukuma wimbi mbele yake, na wimbi hilo linapanda kuliko maji yenyewe. Ndiyo maana gari linaweza kuzimika pale ambapo maji yalikuwa hayajapita nusu ya gurudumu.

Gari la mazutu halina buji, kwa hiyo halisumbuliwi na cheche iliyolowa. Hapo ndipo mashofere wa jeep na malori wanapojisifu. Lakini nalo linapumua, na likimeza maji linaumia vibaya zaidi, kwa sababu mkandamizo wake ni mkubwa kuliko wa petroli. Yale magari yenye bomba la hewa linalopanda hadi kwenye paa yanasaidiwa kweli, mradi viungo vyote vya bomba vimefungwa vizuri. Hata hivyo bomba linaokoa moteri tu. Halizuii gari kubebwa.

Sasa gari la umeme. Halivuti hewa ya kuchoma, halina buji, halina bomba la moshi. Mota yake imefungwa, na betri yake kubwa imelala chini ya sakafu ndani ya sanduku lililozibwa ili maji yasiingie. Nyaya za nguvu kubwa, ambazo kwa kawaida zina rangi ya chungwa, hazikuunganishwa na mwili wa gari, na kompyuta ikihisi umeme unavuja inaukata yenyewe. Kwa hiyo ile hofu ya abiria kupigwa na umeme mara gari linapogusa maji haina msingi mkubwa. Katika maji machache yaliyosimama, gari la umeme linaweza kupita pale ambapo la petroli lingezimika.

Lakini lina shida zake, na zinachelewa kujionyesha. Maji yakipata njia ndani ya betri, yanaweza kuunganisha mahali pasipotakiwa. Betri inapata joto polepole, kisha inashika moto, pengine baada ya siku au majuma, gari likiwa limeegeshwa. Huko Florida, Marekani, baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, wazimamoto walikuta magari ya umeme yakiwaka baada ya kulowa maji ya bahari. Chumvi ndiyo iliyozidisha ubaya. Maji ya Tanganyika si ya bahari, na hatari hiyo ni ndogo zaidi hapa, lakini maji ya mafuriko yamechanganyika na matope na uchafu wa vyoo, na mtu hawezi kuyaita safi. Moto wa betri ya namna hiyo unahitaji maji mengi sana kuuzima, na unaweza kuwaka tena.

Lile gari lenye petroli na umeme pamoja linabeba shida zote mbili: linapumua kama la petroli, na lina betri kama la umeme.

Hadi hapa ubishi wa parkingi ungeweza kumalizika kwa kusema kila gari lina sifa yake. Lakini wakaaji wa Uvira wanajua kwamba hapa kuna maji ya namna mbili.

Kuna maji ya ziwa. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda na kuingia katika nyumba na barabara hapa Uvira, Kalemie na ng'ambo Bujumbura. Maji hayo yanakuja taratibu na kukaa. Hayo ndiyo ambayo moteri na betri zinaweza kulinganishwa.

Na kuna maji ya mlima. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, ukabeba watu na maelfu ya nyumba. Tarehe 4 Mei 2023 ikawa zamu ya Kalehe, kule Bushushu na Nyamukubi, ambako watu zaidi ya 400 walikufa. Maji hayo yanashuka na mawe na miti. Mvua inaweza kunyesha kule juu milimani wakati huku chini ni pakavu, na shofere anashangaa mto umejaa bila tone kuanguka kwenye kioo chake.

Mbele ya maji ya namna hiyo, petroli au umeme ni mamoja. Hesabu yake ni rahisi. Gari dogo lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1 na nusu, maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu yake, yanaliinua kwa nguvu ya karibu kilo 600. Yakiongezeka sentimita 10 nyingine, gari la tani moja limeshakuwa boya. Ndiyo maana wataalamu wanasema sentimita 30 za maji zinaweza kuelesha magari mengi madogo, na sentimita 60 yanayokwenda mbio yanabeba hata jeep. Sentimita 60 ni juu kidogo tu ya goti la mtu mzima. Na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne. Gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri, lakini uzito huo hautoshi kushindana na mto.

Tatizo ni kwamba shofere hayuko peke yake na mto. Nyuma yake kuna mwenye gari anayengoja pesa ya jioni. Ndani kuna abiria, na mara nyingi ni jamaa zilizokimbia, na magodoro juu ya gari, masufuria, mabidoni na watoto usingizini. Wameacha nyumba na wanataka kufika kabla ya giza, maana kulala njiani kuna hofu yake. Kijana mmoja anapaza sauti: «Pita tu, papa, wenzako wamepita!» Mama mwenye mtoto mgongoni anasema taratibu: «Shofere, mwanangu, tungoje. Tumeshapoteza vya kutosha.» Mara nyingi sauti ya kwanza ndiyo inayosikiwa, kwa sababu ni kubwa. Ya pili ndiyo yenye akili. Maji ya mlima hushuka haraka na mara nyingi hupungua kwa saa chache. Abiria wanaomwunga mkono shofere anayengoja wanamsaidia kuliko wanaompigia makofi.

Maji yakiwa yamesimama, na shofere akiona magari mengine yanapita mahali panapojulikana, aende polepole, gia ya kwanza, bila kusimama katikati, na asikutane na gari jingine. Akitoka, agusegusa breki ili zikauke.

Gari la petroli au la mazutu likizimika majini, lisiwashwe tena. Livutwe hadi pakavu, fundi afungue buji au injekta, atoe maji, atazame mafuta ya moteri. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamwagwe yote.

Gari la umeme lililozama lisichajiwe, na mtu asiguse nyaya za rangi ya chungwa. Libebwe juu ya lori, maana magurudumu yakizunguka yanaweza kuzalisha umeme. Na liwekwe mbali na nyumba, mita 15 au zaidi. Katika kambi ambako hema linagusana na hema, hilo la mwisho lizingatiwe kuliko yote.

Na daraja likiwa limefunikwa na maji yanayokimbia, hakuna gari la kulivuka. Moteri inaweza kununuliwa tena Bujumbura au Bukavu.